Propela ya ndege ya kujijengea: mapanga mawili au matatu?

Waalaykum salaam, kijana wangu wa Chake. Umeuliza ndege yako ya viti viwili, yenye injini ya Rotax 912 ya nguvu za farasi 80, uifunge propela ya mapanga mawili, matatu au manne. Ufundi wa ndege ndogo nimeufanya miaka mingi pale Kisauni, na ndege mbili za kujijengea nimeshazishika kwa mikono yangu. Mimi nakwambia mawili, ikiwa nafasi inaruhusu.

Najua kinachokutia shaka. Caravan, ile ndege ndogo ya abiria, unaiona na matatu, Q400, ile kubwa ya propela ya Air Tanzania, inashuka na sita kila upande, basi unadhani mengi ndiyo bora. Lakini injini moja ya Q400 inapita farasi 5,000. Nguvu zile zinataka pa kwenda, na propela haiwezi kurefushwa tu: ncha zitakaribia mwendo wa sauti, tena zitagusa chini. Ndipo wakaongeza mapanga. Wewe una 80. Injini ndogo inataka propela ndefu ya mapanga machache, ishike hewa nyingi na kuisukuma taratibu. Ncha zisikutishe: kwa giaboksi inayopunguza mizunguko mara 2.27, injini ikiwa kwenye mizunguko 5,800 kwa dakika, propela ya mita 1.7 ncha zake zinakwenda mita 227 hivi kwa sekunde. Sauti ni kama 340.

Chukua futi upime kutoka kitovu cha propela mpaka chini, mkia ukiwa umenyanyuka na matairi yamebonyea. Pakiwa hapatoshi, funga matatu mafupi. Yanatulia zaidi, hilo sikatai, ila kila panga lazima lilale pembe moja na wenzake. Tulipofunga propela ya kwanza ya matatu, panga moja lilikosea nusu digrii tu, na sindano za dashibodi zikatetemeka hata hazisomeki. Manne yaache.

Ukichukua propela ya mbao, khasa kwa hali yetu ya visiwani, usiziamini bolti. Mbao inavimba masika, jua la kaskazi likija inanywea, na bolti zinabaki zimelegea bila mtu kuzigusa. Nilifungua bamba la mbele siku moja nikakuta mbao iliyozunguka matundu ni nyeusi, imeungua kwa kusuguana. Propela ile haikuruka tena. Kila msimu ukibadilika, kaza upya kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha aliyeitengeneza.

Ukimaliza, ifunge ndege kamba madhubuti, watu wote wakae mbali, uongeze mafuta mpaka mwisho. Mizunguko ya injini isiwe chini ya 5,200 kwa dakika. Ikiwa chini, mwinamo wa panga umezidi, na injini inachoka bure, hata mapanga yawe mangapi.

Nitumie kipimo cha kitovu mpaka chini, tutazame urefu.