Maswali na majibu: Pwani kwa baiskeli, Pangani hadi Mombasa

Maswali ya mara hii karibu yote yanahusu njia moja: Pangani, Tanga, Horohoro, Lunga Lunga, Msambweni, Ukunda hadi kivuko cha Likoni. Ni kama kilomita 220. Kwa kundi la marafiki ni njia nzuri kweli: milima ni michache, vijiji viko karibu karibu, na bahari haiko mbali hata pale usipoiona.

Tuko wanne, tumepanga kutoka Mombasa kwenda Pangani mwezi wa 7. Fundi mmoja katuambia tuigeuze safari, tuanzie Pangani. Kwani kuna tofauti? (Mombasa)

Fundi wenu kasema kweli. Mwezi wa 7 ni kusi, na kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki karibu kila siku. Mkitoka Mombasa mtaupokea usoni njia nzima. Mtu mwenye mzigo anayekwenda kilomita 18 kwa saa kukiwa shwari, upepo wa mbele unaweza kumshusha hadi 12. Kilomita 60 zilizokuwa za saa 3 na dakika 20 zinakuwa za saa 5, na muda huo wa nyongeza unaangukia kwenye jua kali. Mkianzia Pangani, upepo huohuo unawasukuma.

Wanaotaka kuteremka kutoka Mombasa wangoje kaskazi, Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, wakijua kwamba ni miezi ya joto. Majahazi yamepanda na kushuka pwani hii kwa kalenda hiyo karne nyingi. Aprili na Mei acheni kabisa: ni masika, na kwenye barabara ya udongo tope hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Kuna hatari moja ya kusi ambayo watu huijua wakiwa wameshashtuka. Mkielekea kaskazini bahari iko kulia, upepo unatoka kulia nyuma, na mwili unaegemea kulia kuupinga bila ninyi kujua. Lori linapowapita, nalo hupita kulia, linaziba upepo ghafla, na baiskeli inaelekea ulikoegemea, yaani kwenye lori. Likishapita, upepo unarudi na kukusukuma pembeni. Ukisikia lori nyuma, shika usukani kwa mikono yote miwili, legeza viwiko, punguza mwendo. Tena usiendeshe juu ya ukingo wenyewe wa lami. Acha nafasi ya mita 1 kushoto kwako, kwa sababu ukingo mara nyingi una ngazi, na gurudumu la mbele likitumbukia huwezi kulirudisha kwa kulikata upande. Simama, lipandishe.

Tugawe siku ngapi? (Tanga)

Nne za kuendesha, moja ya kupumzika Tanga. Pangani hadi Tanga kama 50. Tanga hadi Lunga Lunga kama 70. Lunga Lunga hadi Msambweni 45 hivi. Msambweni hadi Likoni kama 55. Siku ya kwanza iwe fupi kwa makusudi, maana ndiyo siku ya kugundua keria iliyolegea. Barabara ya Pangani hadi Tanga imekuwa kwenye ujenzi wa lami, kwa hiyo ulizeni madereva wa daladala jioni moja kabla ni sehemu gani zina changarawe au mchepuko. Njiani kuna magofu ya Tongoni, na mkishatoka Tanga, mapango ya Amboni, kilomita 8 tu kutoka mjini. Mpakani, kati ya Horohoro (Tanzania) na Lunga Lunga (Kenya), baiskeli haihitaji karatasi za gari. Mtu ndiye anayehitaji zake, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Nina Phoenix ya inchi 28. Rafiki yangu ana baiskeli ya kisasa ya gia, nayo imeandikwa 28. Tubebe tairi moja la akiba kwa wote wawili? (Muheza)

Msifanye hivyo. Hizo 28 mbili si moja. Tazameni ubavuni mwa tairi, kuna namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Phoenix huwa na 635. Ile ya kisasa ina 622. Milimita 13 zinatosha tairi la mmoja lisikae kabisa kwenye rimu ya mwenzake. Tyubu ni habari nyingine: mpira unavutika, na kwa dharura tyubu ya 635 itaingia kwenye 622 na kinyume chake. Kwa hiyo kila mtu abebe tairi lake kama limechakaa, lakini tyubu mnaweza kuazimana.

Angalieni na vali. Tyubu zenye vali nene kama ya pikipiki hujazwa kwa pampu yoyote ya gereji. Vali nyembamba za baiskeli za mbio haziingii, mpaka uwe na kile kichwa kidogo cha shaba cha kuunganishia. Nunua viwili, kimoja ukifunge kwenye pampu kwa uzi. Anayetafuta baiskeli sasa kwa ajili ya safari hii tungemshauri yenye matairi ya inchi 26 (namba yake ni 559), yasiyo na meno makubwa, upana wa inchi 1.75 hadi 2. Maduka ya vipuri ya miji midogo huwa nayo zaidi kuliko 622.

Gurudumu langu la nyuma lilipata pancha tatu siku moja, na fundi kila mara aliziba vizuri. Viraka vilikuwa vibovu? (Kwale)

Yaelekea viraka vilikuwa vizima, na kilichotoboa kilibaki ndani ya tairi. Kwenye lami ya malori adui si mwiba peke yake. Matairi ya malori yakipasuka huacha nyuzi za chuma nyembamba kama unywele, zinazama kwenye mpira na hazionekani kwa nje. Ukiziba tyubu bila kuutoa uzi, umejiwekea miadi ya pancha nyingine.

Fanya hivi. Kabla ya kutoa tyubu, weka alama ya chaki kwenye tairi mahali vali ilipo. Toa tyubu, ijaze upepo, tafuta tundu kwa sikio au kwa mdomo (midomo huhisi upepo mdogo kuliko vidole), kisha ilaze tyubu juu ya tairi, vali kwenye alama. Sasa unajua kilichotoboa kiko wapi, upande huu au ule wa pili kama tyubu iligeuka. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, polepole, pande zote mbili za kuzunguka. Uzi utakwaruza kitambaa. Usitumie kidole kitupu. Utoe kwa kibanio cha nyusi, ambacho kinapaswa kuwa kwenye kila mfuko wa spana.

Tundu lenyewe nalo linasema. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au uzi. Mawili madogo sambamba, kama meno ya nyoka, ni upepo mdogo: uligonga shimo na rimu ikaikata tyubu. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, ni kichwa cha spoku kilichochomoza au mkanda wa rimu uliosogea. Hapo hata ubadilishe tairi, pancha itarudi.

Kuziba: kwangua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, hadi mng'ao wa mpira uishe. Paka gundi nyembamba, ngoja dakika 5, isiwe mbichi tena ukiigusa pembeni. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Gundi mbichi huteleza. Bandika, kandamiza kwa nguvu dakika 1 kuanzia katikati kwenda kingoni. Kabla ya kujaza upepo wote, minya tairi pande zote uhakikishe tyubu haikubanwa na ukingo wa rimu. Kwa mtu wa kilo 70 na mzigo wa kilo 15, tairi la inchi 2 jaza kama PSI 45 nyuma na 35 mbele. Kwenye mchanga shusha hadi 25, na ukumbuke kupandisha ukirudi lami.

Mmoja wetu ni mwepesi sana, mmoja ndiyo kwanza anaanza. Tunaendeshaje bila kugombana? (Dar es Salaam)

Mwendo wa kundi ni wa yule wa polepole. Likubalini mkiwa nyumbani, kabla ya kuchoka, kwa sababu barabarani maneno hayo huuma. Mwepesi apewe mzigo: hema, pampu kubwa, sufuria, lita za ziada za maji. Kilo 5 zikihama kutoka keria moja hadi nyingine zinapunguza tofauti kuliko maneno mengi ya kutiana moyo, na anayeanza hajioni kikwazo.

Endesheni mstari mmoja. Kwenye barabara ya malori, mita 2 hadi 3 kati ya baiskeli na baiskeli inatosha kwa wazoefu, 5 kwa wengine. Kila baada ya baiskeli 4 acheni pengo la mita 30 ili gari liweze kupita kwa vipande. Wa mbele ajue njia, wa mwisho ajue ufundi na abebe spana na tyubu. Wa mwisho hambadilishi hadi kituo. Mwepesi anayetaka kukimbia akimbie, lakini asimame kwenye kila njia panda na kila kilomita 10, na asiondoke hadi amwone wa mwisho kwa macho, si kwa simu. Yule wa nyuma akifika, apumzike naye. Kosa la kawaida ni la waliokwisha kupumzika kuondoka mara tu mwenzao anapofika anahema.

Madafu yanatosha badala ya maji? (Mombasa)

Hayatoshi, ingawa tunayapenda. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linakutoa chumvi, yaani sodiamu. Kunywa dafu, kula na kitu cha chumvi: korosho za kukaanga, mihogo yenye chumvi na pilipili. Maji ni nusu lita hadi robo tatu kwa saa, kidogo kidogo, bila kungoja kiu. Anayekunywa maji matupu lita nyingi bila chumvi naye yuko hatarini. Kichwa kuuma, kichefuchefu na vidole kuvimba ni dalili zake. Mkikosa pakiti za dukani, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu kwa kisu, visiwe na kilima.

Ondokeni mara kunapopambazuka, saa 12 na nusu asubuhi, mfike kivulini kabla ya saa 5, mwendelee saa 9 na nusu hadi saa 11 na nusu jioni. Mwenzenu akianza kuongea maneno yasiyopangika au kuyumba, safari imesimama: kivuli, nguo zilowe, apepewe, na atafutiwe hospitali. Mwezi wa Ramadhani nunueni chakula cha mchana tangu jioni, maana migahawa mingi itafungwa, na kuleni mahali pa faragha.

Tunaweza kupita ufukweni badala ya barabarani? (Pangani)

Kwa kipande kifupi, ndiyo, maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, pwani hii maji hukupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Mchanga ulioachwa na maji ni mgumu kama sakafu. Mna saa 2 kabla na saa 2 baada. Kila siku muda husogea mbele kama dakika 50. Msivuke mlango wa mto wala mkono wa bahari wenye mikoko kwa miguu: matope hayana mwisho, na mito mikubwa ina mamba.

Jioni hiyohiyo osheni baiskeli kwa maji baridi yasiyo ya bahari. Chumvi hula mnyororo usiku mmoja, na mchanga uliolowa ni msasa kwenye raba za breki. Osha, futa, acha ikauke, tone moja la oili kwa kila pini ya mnyororo, kisha futa oili ya nje yote. Oili inayong'aa kwa nje hukusanya vumbi tu.

Tukitaka kuendelea kusini, Pangani hadi Bagamoyo kupitia Saadani? (Morogoro)

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani msiendeshe. Kuna simba, tembo na nyati, na Mto Wami una viboko na mamba. Pakieni baiskeli kwenye gari kwa kipande hicho, mkubaliane na watu wa hifadhi kuhusu geti na ada mapema.

Makalio yanauma siku ya pili. Nibadilishe tandiko? (Ukunda)

Kwanza pima kimo. Ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi, huoshwa kila jioni, na mafuta ya mgando hupakwa panapokwaruzana. Juu yake vaa suruali pana au kaptula ndefu. Vijijini pwani ni heshima, na jua halikuchomi. Kina dada wengi hufunga leso juu wakishuka kwenye baiskeli, yatosha.

Kurudi tutapanda basi. Baiskeli zitapona? (Tanga)

Zitapona mkizifungasha wenyewe. Toeni pedali: ya kulia hufunguka kinyume cha saa, ya kushoto hufunguka kwa mwelekeo wa saa. Anayelazimisha ya kushoto kama ya kulia huishia kuharibu uzi wa krenki. Geuzeni usukani ulale sambamba na fremu, punguzeni upepo kidogo, na fungueni kibadilisha gia cha nyuma mkifunge kwa kamba ya mpira ndani ya fremu, kwa sababu kikipigwa na gunia kinapinda kuelekea spoku, na gia nyepesi ya kwanza mtakayoingiza nyumbani itakipeleka ndani ya gurudumu. Kubalianeni bei ya mzigo na utingo kabla ya kupakia, na baiskeli ilale upande usio na mnyororo, juu ya mizigo.