Impakti fakta ya jarida la mzio: nilivyopoteza miezi minane

Mkuu, umeuliza makala yako ya mzio wa vumbi kwa watoto wenye pumu uipeleke jarida lenye impakti fakta kubwa (namba ya wastani wa mara makala zake zinavyorejelewa na watafiti wengine) au lile dogo. Mimi nilianza na kubwa. Siku ya nne ikarudi, hakuna mhakiki aliyeisoma. Nikajaribu la pili, kimya, hadi miezi minane ikakatika. Dogo ndilo lililoichukua, na mhakiki wake alinitoa jasho: wagonjwa waliacha dawa za mzio siku ngapi kabla ya kipimo cha kuchoma ngozi? Dawa hizo huvuruga kipimo, kwa hiyo swali hilo peke yake liliniondolea wagonjwa sita kwenye jedwali.

Sasa hiyo namba. Wanachukua mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimerejelewa mwaka huu, wanagawa kwa idadi ya makala hizo. Basi. Ni wastani, na makala chache ndizo hubeba mzigo wote. Kwenye fani yetu mara nyingi ni miongozo ya tiba na makala za mapitio, maana kila anayeandika kuhusu mafua ya mzio lazima aitaje.

Tena miaka miwili ni kidogo mno kwetu. Mwaka 2008 watafiti Du Toit, Lack na wenzao walichapisha kwenye jarida la Journal of Allergy and Clinical Immunology ulinganisho wa watoto wa Kiyahudi: Uingereza wenye mzio wa karanga walikuwa asilimia 1.85, Israeli 0.17. Wa Israeli walianza kula karanga wakiwa wachanga, wakati madaktari Marekani walikuwa wameshauri tangu 2000 watoto walio hatarini wasipewe hadi miaka mitatu. Kutokana na hapo likaja jaribio la watoto 640, likachapishwa 2015: kufikia miaka mitano, waliokatazwa karanga 17.2 kwa mia walikuwa na mzio, waliolishwa 3.2. Mwongozo wa Marekani ukageuka 2017. Hesabu ya impakti fakta ilikuwa imeshaiacha makala ile ya 2008 zamani. (Bibi yangu aliyetutafunia karanga angecheka sana.)

Kama chuo chako kinapandisha vyeo kwa namba hiyo, hapo sina ubishi, jaribu kubwa mara moja tu. Ila kwanza tazama makala ulizozirejelea wewe mwenyewe zimetoka majarida gani. Wasomaji wako wako humo. Weka hapa idadi ya watoto na vizio (vitu vinavyoleta mzio) ulivyopima, nikwambie ningeanzia wapi.