Costermansville ni Bukavu, si Goma

Hapana ndugu unayesema Costermansville ya zamani ni Goma: ilikuwa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Wabelgiji waliufungua mji ule 1901, wakaupa jina la Paul Costermans, makamu wa gavana mkuu, na jina likadumu hadi 1954. Goma iliitwa Goma tu.

Mkanganyiko unatokea hapa: kuanzia 1933 hadi 1947 jimbo zima la Kivu nalo liliitwa Costermansville, na Goma ilikuwa ndani yake. Kwa hiyo ukikuta karatasi ya miaka ile, angalia kama inataja jimbo au mji. Ukiwa na picha ya zamani, haidanganyi kirahisi: Bukavu ina rasi zinazoingia Ziwa Kivu, La Botte ikiwa mojawapo, na vilima vinaanzia palepale majini, Goma ni tambarare ya mawe meusi ya volkano.

Anayetaka kuuona mji wa wakati ule atembee kwa mguu mtaa wa Ibanda mjini Bukavu, kwenye avenue Lumumba. Majengo ya art déco, mtindo wa ujenzi wa miaka ya 1920 na 1930, bado yamesimama, mengi yakiwa na maduka chini, na inaumiza kuona yanavyobomolewa au kufunikwa vibao. Inua macho, maana uzuri wake uko ghorofa za juu.

Sokwe aina ya gorila wa hifadhi ya Kahuzi-Biega wako mbali kidogo na mji, unapitia kituo cha Tshivanga. Ila tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, usipange safari ya hifadhi kabla ya kuuliza wenyeji hali ya barabara.