Mume Naye Apimwe

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Vihiga, Bungoma na Kisumu, na wengi walioandika wamekaa na shida ya uzazi au ya nguvu za kiume moyoni muda mrefu. Majina nimeyaficha. Mimi ni tabibu, wagonjwa wangu nawahudumia hapa Kisumu, na swali la mtoto huletwa mlangoni kwangu na mke peke yake mara nyingi mno. Hilo linaniuma, na mtaliona katika majibu yangu.

Daktari, salamu kutoka Nakuru. Nina miaka 36, naendesha lori kutoka hapa hadi Malaba, mpakani na Uganda. Huu ni mwaka wa nne tangu nioe na hatujapata mtoto. Mke wangu alipimwa, hana tatizo. Nikajikaza nami nikapimwa: mbegu milioni 7 kwa mililita, zinazosonga asilimia 24. Urefu wangu ni mita 1.72, uzito kilo 112. Rafiki yangu wa jimu anasema nichome sindano za testosteroni, eti zitaongeza nguvu na mbegu pamoja. Je, uzito wangu unahusika kweli? Nifanyeje? – Dereva, Nakuru

Ndugu yangu, sindano hiyo usiiguse. Naanza nayo kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki mbili tatu, hilo haliwezi.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotuma homoni mbili kwenda kwenye korodani. Moja huziagiza zitengeneze testosteroni, nyingine huzichochea zitengeneze mbegu. Ukijidunga testosteroni kutoka nje, tezi hiyo huiona damuni, huona kazi imekwisha, na hunyamaza. Korodani zikikosa agizo huacha kazi. Mwili utaonekana wa mwanaume wa nguvu, misuli itajaa, lakini mbegu zitashuka, na kwa wengi huisha kabisa. Ukiacha sindano, kurudi kwake huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Rafiki yako pengine hakutakii mabaya, ila anakupa kitu ambacho watafiti wamewahi kukijaribu kama njia ya kupanga uzazi kwa wanaume.

Sasa uzito. Ukigawanya kilo zako kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 38 hivi. Kuanzia 25 tunasema mtu amezidi uzito, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kwa hiyo ndiyo, unahusika. Mafuta ya tumboni hayakai tu pale yakingoja. Yana kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni yako kuwa estrojeni, homoni ambayo wanawake wanayo kwa wingi. Ubongo ukiona estrojeni imepanda, hupunguza yale maagizo niliyokueleza. Huo ni mlango wa kwanza ambao uzito hupunguzia mbegu.

Wa pili ni joto. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa makusudi: zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Mapaja manene yanayozibana, na saa nyingi za kuketi kwenye kiti cha lori huku injini ikichemka chini yako, huzinyima ubaridi huo. Wa tatu ni usingizi. Mke wako atakuambia kama unakoroma kwa nguvu na katikati ya kukoroma pumzi inakatika, kisha unashtuka. Watu wanene hupatwa sana na hali hiyo, na testosteroni hutengenezwa kwa wingi tukiwa tumelala vizuri. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wenye afya saa 5 tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hiyo ni wiki moja, kwa vijana wazima. Dereva anayetafuna miraa ili avuke usiku, akiisindikiza na soda, anajifanyia hivyo mwaka mzima.

Na hiyo soda tuisemee. Chupa ya nusu lita huwa na sukari ya gramu 50 hivi, yaani zaidi ya vijiko 10 vya chai. Madereva wa njia yako huniambia siku yao ilivyo: chai ya sukari na chapati mbili alfajiri, chipsi na soseji kwenye kituo cha malori cha Salgaa, soda, tena soda, usiku nyama choma na ugali wa kushiba na bia. Mboga ni kijiko kimoja cha kachumbari. Mtu akila hivyo na kazi yake ni kukaa, kitambi hakina budi kuja, hata awe na roho nzuri namna gani. Huku kwetu tena tunamsifu: amenawiri, mambo yamemwendea vizuri. Mimi nikikuona na kitambi hicho nachukua futi ya fundi cherehani na kukuzungushia kiunoni, usawa wa juu kidogo ya nyonga, wewe ukiwa umetoa pumzi na hujavuta tumbo ndani. Ikipita sentimita 102 kwa mwanaume, nakutuma moja kwa moja kupimwa sukari na shinikizo la damu. Nakuomba ufanye hivyo wiki hii.

Habari njema ni kwamba jambo hili huwa linarudi nyuma. Mwaka 2022 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wanaume 56 wanene waliopunguza wastani wa kilo 16.5 kwa majuma 8 chini ya uangalizi. Mbegu zao zilifika karibu mara moja na nusu ya zile za mwanzo, na walioweza kushikilia uzito wao mpya kwa mwaka mzima waliendelea kuwa na mbegu nyingi. Waliorudisha kilo walizipoteza mbegu pia. Sikuambii ujinyime namna yao, kwani walikuwa na madaktari pembeni. Anza na kilo 6 hadi 11, yaani asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako. Kiasi hicho hutosha kuanza kuisogeza testosteroni, sukari na shinikizo.

Acha soda kabisa, usiseme utapunguza. Sahani yako nusu iwe sukuma, managu au kabeji, robo ugali, robo maharagwe, ndengu, samaki au omena. Beba chakula cha nyumbani cha mchana kwenye kontena, maana barabarani njaa ndiyo huamua badala yako. Malaba mnapopanga foleni saa nzima bila kusogea, shuka utembee kandokando ya malori badala ya kulala kwenye kebini. Bia zipungue, sigara iishe. Sigara hupunguza mbegu na huharibu vinasaba vilivyo ndani ya zile zinazobaki.

Lakini usiutwike uzito lawama zote kabla hujachunguzwa. Mbegu milioni 7 ni chache: kipimo cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021 ni milioni 16 kwa mililita, na zinazosonga asilimia 42. Mtaalamu wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume anapaswa akupapase korodani, aangalie kama kuna mishipa iliyovimba juu yake, hasa upande wa kushoto. Mishipa hiyo hupatikana kwa asilimia 15 hivi ya wanaume wote, na kwa wanaotafuta mtoto bila mafanikio huwa zaidi ya theluthi moja; kwa wengi upasuaji mdogo husaidia. Atakutoa pia damu ya kupima homoni. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, kwa maana testosteroni huwa juu wakati huo, na ukipimwa jioni utapewa jibu la kupotosha.

Kisha uvumilie. Mbegu unayoitoa leo ilianza kutengenezwa siku zaidi ya 70 zilizopita, halafu ikahitaji wiki moja au mbili za kukomaa. Ukibadilisha maisha leo usikimbilie maabara mwezi ujao. Ngoja miezi 3 ndipo urudie kipimo, na mwambie mke wako hivyo ili mngoje wote.

Daktari, mimi ni mke wa mtu hapa Vihiga. Tumekaa miaka mitatu bila mtoto. Nimepigwa picha ya mirija ya uzazi, nimepimwa homoni, nimeambiwa niko sawa. Mume wangu amekataa kupimwa. Anasema ana mtoto wa miaka tisa kwa mwanamke wa zamani, na nguvu za chumbani anazo. Mama mkwe sasa anamwambia atafute mwingine. Nimechoka. – Mke, Vihiga

Dada yangu, pole. Ile picha ya mirija naijua inavyouma, na bei yake naijua. Kipimo cha manii hakiumi na ni miongoni mwa vipimo rahisi kabisa katika shughuli hii. Kilipaswa kuja kwanza, au siku moja na vya kwako. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani hukutana na ugumu wa kupata mtoto, na katika ndoa zenye shida hiyo, upande wa mwanaume huchangia karibu nusu. Mama mkwe aelezwe hivyo, na aelezwe na mwanawe.

Maneno yanayofuata msomee mumeo, au umwachie gazeti hili mezani.

Bwana, nguvu za chumbani na mbegu ni mambo mawili. Mwanaume anaweza kusimama vizuri, akatoa maji ya kutosha, na ndani yake pasiwe na mbegu hata moja, kwa sababu maji mengi hutoka kwenye tezi nyingine. Mbegu huonekana kwa darubini pekee. Na mtoto wa miaka tisa anaonyesha jinsi ulivyokuwa miaka kumi iliyopita. Tangu hapo huenda umenenepa, umepata kisukari, ulipata kisonono au klamidia ikaziba njia, ulivimba korodani kwa matubwitubwi, au umefanya kazi ya kunyunyizia dawa za mimea bila kinga. Hakuna la aibu hapo.

Kipimo chenyewe ni hivi. Kaa bila tendo la ndoa wala kutoa manii kwa mkono siku 2 hadi 7. Nawa mikono, utoe manii mwenyewe kwa mkono, moja kwa moja ndani ya kikopo safi cha maabara. Usitumie mate, sabuni, mafuta wala kondomu ya kawaida, kwa kuwa vyote hivyo hudhuru mbegu. Tone la kwanza lisipotee, lina mbegu nyingi. Likimwagika sema ukweli. Hospitali nyingi zina chumba cha faragha. Ukilazimika kuyatolea nyumbani, kikopo kiwe ndani ya nguo karibu na mwili, kisipigwe jua kwenye bodaboda wala kuwekwa kwenye barafu, na kifike ndani ya saa moja. Jibu likiwa baya kipimo hurudiwa kabla mtu hajaambiwa lolote la kudumu.

Nawe dada, akikataa tena, mwombe mwende wote kliniki mkaonwe kama wanandoa. Wengi huona haya mbele ya mke nyumbani, lakini mbele ya mhudumu hulegea. Kuhusu huyo mwingine anayetafutwa: kama shida ni ya mume, ataenda nayo huko.

Daktari, nina miaka 51, niko Bungoma. Nguvu za chumbani zimepungua mwaka huu. Natafuna mzizi wa mukombero na kuna unga niliouziwa kwenye basi, unafanya kazi vizuri. Niendelee? – Mzee, Bungoma

Mzee wangu, mukombero utafune ukipenda ladha yake. Majaribio yake mengi yamefanywa kwa panya, kwa hiyo siwezi kukuahidi lolote. Huo unga uache leo. Dawa nyingi za namna hiyo zikipimwa hukutwa zimechanganywa kisiri na dawa za hospitali za kusimamisha uume, bila kipimo. Mtu anayemeza vidonge vya maumivu ya moyo vya jamii ya naitreti akichanganya na hizo, shinikizo lake linaweza kuporomoka akafa.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni kingine. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo ni 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuziba mishipa, ile myembamba hulalamika kwanza, na ya moyo huenda ikafuata baada ya miaka michache. Nenda ukapimwe sukari, shinikizo na kolesteroli kabla hujatafuta dawa ya chumbani. Na kama tayari unameza dawa za shinikizo na unahisi ndizo zimekupunguza, usiziache mwenyewe. Mwambie daktari wako waziwazi. Kuna za kubadilishia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kisumu, nina miaka 28, si mnene. Kipimo kimeonyesha mbegu chache. Wiki sita kabla nilikuwa na malaria kali. Je, nimeisha? – Fundi, Kisumu

Hapana, kijana. Homa kali huzichoma mbegu zilizokuwa zikitengenezwa siku hizo, na upungufu huonekana wiki kadhaa baadaye, wewe ukiwa umeshapona na kusahau. Hapa ziwani malaria ni ya kila msimu, na mhudumu asiyekuuliza habari za homa anaweza kukusomea jibu vibaya. Rudia kipimo miezi 3 kamili baada ya siku homa ilipokuacha. Kwa sasa lala ndani ya neti, vaa chupi pana zisizobana, na karakanani usikae na moto kati ya miguu. Chomelea ukiwa umesimama au umekaa kando. Kama una selimundu (sickle cell) na unatumia dawa yake ya haidroksiurea, niandikie tena mapema au umwambie anayekutibu, kwa maana dawa hiyo pia hupunguza mbegu na mpango wake ni tofauti. Usiiache bila yeye.