Kifuko cha maji kichwani: hiyo dawa ya kuyeyusha msinunue

SWALI: Salaam aleikum daktari. Mwanangu wa miaka 17 alianguka na bodaboda hapa Malindi, akapigwa CT skani ya kichwa. Damu haikuonekana, ila ripoti inasema ana kifuko cha maji cha araknoidi upande wa kushoto, sentimita 3. Jirani akatupeleka kwa mtu mwenye mashine ya kushika mkononi. Akasema ni uvimbe unaokua, na dawa yake ya miezi mitatu itauyeyusha. Tuinunue, au tukimbilie upasuaji?
Mama mzazi, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Dawa hiyo msinunue, na kwa ripoti hiyo kisu hakina haraka.

Mwombe daktari wenu awafungulie picha yenyewe, si karatasi tu. Awaonyeshe kile kifuko, kisha vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo. Weusi ni ule ule. Ndiyo alama tunayoitafuta: ndani mna maji yale yale yanayouzunguka ubongo wa kila mtu, yamenaswa ndani ya utando, aghalabu tangu mtoto yuko tumboni. Hakina nyama ndani, na mgonjwa akidungwa kontrasti, dawa ya kung'arisha picha, ukuta wake hauwaki. Si saratani.

Shaka ikibaki, kuna MRI. Picha yake moja, FLAIR, huzima maji safi, na kifuko hiki huzimika nayo. Nyingine hupima mwendo wa maji: hapo sisti ya epidamoidi, aina nyingine ya kifuko yenye chembe za ngozi ndani, inayofanana nacho sana kwenye CT, hung'aa nyeupe, nacho hubaki cheusi. Vifuko vya mnyoo wa tegu navyo huwa vidogo, na mara nyingi ndani mna kitone, kichwa cha mnyoo wenyewe.

Sasa hiyo mashine. Kila wiki naulizwa habari zake, na kila wiki nakasirika. Ubongo umefunikwa na mfupa. CT huupita kwa eksirei, MRI kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Kipande cha chuma kiganjani hakioni chochote humo. Wala dawa ya kunywa ya kuyeyusha kifuko cha araknoidi haipo, hata hospitali hatuna. Ujanja wao ni huu: kwa umri wa mwanao vifuko hivi mara nyingi havikui tena. Mwakani mtapima, mtakuta sentimita 3 zile zile, naye atasema dawa yake ndiyo iliyokizuia.

Wanaoniuma zaidi ni wenye kifafa wanaokatazwa vidonge vya hospitali eti "dawa zitagongana". Wanatujia miezi imeshapita, mwingine ana kovu la moto mkononi kwa kuangukia jiko. Anayekuambia uache vidonge, toka kwake hapo hapo.

Upasuaji wa kutoboa kifuko upo, lakini ni kwa kile kinachokandamiza ubongo au kuziba njia ya maji. Mwanao akiumwa kichwa kinachozidi, akitapika, akishikwa na kifafa, macho yakififia au mkono ukilegea, mpelekeni siku hiyo hiyo. Wiki hizi za mwanzo mwangalieni sana, maana mara chache kifuko kilichopata pigo huvuja damu baadaye. Helmeti avae. Na CD ya picha iwekeni vizuri. Akipigwa nyingine, daktari atazifungua zote mbili azilinganishe.