Dakika tatu za kumzungumzia Mzee

Februari mwaka jana binti wa aliyekuwa mkurugenzi wetu wa hospitali alinipigia simu. Baba amefariki usiku, miaka 83, na familia ingependa mmoja wa wafanyakazi wa zamani aseme maneno machache kanisani. Wamenitaja mimi. Nikaitikia papo hapo, maana jambo la msiba kwetu hulikatai, kisha nikakaa jikoni hadi saa saba usiku na karatasi tupu mbele yangu.

Tangu hapo Waswahili wenzangu watatu hapa Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani, wamenifuata na shida hiyohiyo. Mmoja alifiwa na mwalimu aliyemfundisha Kiingereza, mwingine jirani, mwingine bosi wake wa kiwandani. Nimechoka kurudia mambo yaleyale kwenye simu, kwa hiyo nayaandika hapa: niliyoyakosea mimi, na machache niliyopatia.

Jina la marehemu naliacha, familia yake si watu wa kupenda kutajwatajwa. Nitamwita Mzee, ndivyo nilivyomwita akiwa hai. Aliponiuliza maana yake nikamweleza, akacheka akasema hajawahi kusikia mahali ambapo kuitwa mkongwe ni sifa.

Hakuwa daktari. Tungekuwa Tanzania, mganga mfawidhi angekuwa mtu mwingine, na Mzee angekaa kwenye kiti cha katibu wa afya, ila kwa ukubwa zaidi: bajeti, vitanda, ajira, mivutano na kampuni za bima, wakaguzi, boila iliyokufa Januari nje theluji imefika magotini. Mtu wa kazi hiyo akiifanya vizuri hakuna mgonjwa anayemjua. Daktari utamsifu kwamba alimwokoa fulani. Huyu utasema nini, alibana matumizi?

Basi kosa la kwanza: niliandika wasifu. Mnaujua ule wetu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, alipata elimu ya msingi mahali fulani, aliajiriwa, alipandishwa cheo, ameacha mke, watoto na wajukuu. Nikaongeza na ukoo mzima, maana kwao ulikuwa na hadithi. Babu yake alitoka Itri, mji mdogo kati ya Roma na Napoli, akashukia bandari ya hapahapa Providence kwa meli ya kampuni ya Kifaransa ya Fabre, zilizoanza kutia nanga hapa mwaka 1911. Watu wa Itri walijaa mtaa wa Knightsville, mji wa Cranston, na hadi leo kila Julai wanambeba Bikira Maria wao barabarani, sherehe waliyoianza 1905. Niliandika habari za 1914, Waitaliano wa mtaa wa Federal Hill walipovunja vioo vya duka la mfanyabiashara mwenzao na kumwaga tambi zake barabarani kwa sababu bei imepanda. Niliandika na sheria ya 1924 iliyoshusha nafasi za Waitaliano kuingia Marekani hadi chini ya 4,000 kwa mwaka, watu waliokuwa wakija kwa malaki. Kurasa saba. Nilijiona profesa.

Nikampigia padri kuuliza nitasimama wakati gani. Akaniambia kwa upole kwamba katika misa ya mazishi mahubiri si mahali pa kumsifu marehemu, ila rafiki mmoja anaweza kusema neno baada ya komunyo, kabla ya sala ya mwisho ya kumuaga. Dakika tatu. Nikamuuliza, tatu kweli au tatu za Kiafrika? Akasema tatu kweli.

Hilo ni la kwanza la kushika: uliza muda kabla hujaandika hata mstari mmoja, na uliza ni mahali gani. Hawa Wakatoliki wa Kiitaliano wana ngazi zao. Jioni ya kwanza kuna kuaga mwili kwenye nyumba ya mazishi, unapanga foleni, unapita mbele ya jeneza lililo wazi, unashikana mikono na wafiwa waliosimama mstari. Kesho yake asubuhi misa, halafu makaburini, halafu wote mnaenda kula, mara nyingi mgahawani. Maneno yanayofaa sehemu moja hayafai nyingine. Mimi nilikuwa sijui, nikadhani kila kitu kinasemwa kwa mkupuo kama kwetu, mwenyekiti wa kamati akishika kipaza sauti.

La pili ni kwamba usiandike peke yako. Nilizichana zile kurasa saba (sawa, sikuzichana, nimezitunza, si mnaona nimezitumia hapa) nikaanza kupiga simu kwa watu wa chini. Si madaktari. Mama mmoja wa Cape Verde aliyepika pale miaka zaidi ya ishirini akaniambia kila Jumatano Mzee alikula sinia ya mgonjwa wa presha, isiyo na chumvi, mpaka mwisho, na siku moja aliirudisha supu mwenyewe hadi jikoni, akaiweka juu ya meza bila kusema kitu, akasimama. Mlinzi wa zamu ya usiku alikumbuka zeppole. Hizi ni aina ya andazi la duara lililojazwa krimu ya mayai, juu kuna cheri nyekundu, na Waitaliano wa hapa huzila siku ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi. Kila mwaka Mzee alikuja nazo saa tisa usiku, maboksi yamepangwa mikononi hadi kidevuni, kwa sababu alisema za mchana huwa zinaisha kabla zamu ya usiku haijaamka.

Na mhasibu mmoja mstaafu akaniambia: alininyima nyongeza miaka mitatu mfululizo, alikuwa na hasira za kijinga, aliwahi kuibamiza simu ya mezani hadi ikapasuka. Nikamuuliza, utakuja kuzika? Akasema, nitakosaje.

Hayo ya mhasibu yaandike pia. Si lazima uyasome, ila yawe mbele yako, yatakuzuia kumgeuza marehemu malaika. Watu waliofanya kazi naye wamo humo kanisani, wakisikia malaika watajua unamzungumzia mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye kilichonifunga mimi na yeye.

Nilianza pale kama mfanya usafi. Siku moja, muda mfupi kabla Mzee hajastaafu, napiga deki karibu na mapokezi, akaja mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na binti yake wa miaka kama kumi. Muuguzi anamuuliza mama, mtoto anatafsiri. Maswali yakafika kwenye damu na hedhi, mtoto akainamisha kichwa akanyamaza. Mzee alikuwa anapita. Sijawahi kumwona akisimama ghafla vile. Akamwambia mtoto aende kwenye mashine akachague juisi, akampa sarafu, halafu akanigeukia mimi na fagio langu: wewe si unatoka Tanzania?

Nikatafsiri. Kwa fahari zote. Mama akasema, «nilienda kwa munganga wa kambini akanipa dawa». Nami Mtanga nikasikia mganga, nikamwambia muuguzi kwamba mama ametumia miti shamba. Muuguzi akaandika. Maswali yakaanza: majani gani, alichemsha, alikunywa kiasi gani? Mama ananitazama kama mwendawazimu. Mtoto ndiye aliyeturudisha, amesimama mlangoni na juisi yake anacheka: kwao munganga ni daktari wa kawaida, mwenye koti jeupe. Dawa yenyewe ilikuwa vidonge vya chuma.

Mzee aliniita ofisini nikajua nimefukuzwa. Akasema kujua lugha na kutafsiri hospitalini ni kazi mbili, kuna kozi, hospitali italipa, naanza Jumatatu. Mpaka leo ukalimani ndio unaonilisha.

Na hapo nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu kuna watu wetu bado wanakwenda kliniki na watoto wao kama wakalimani. Msifanye hivyo. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, na karibu zote zinapokea, inapaswa kukupa mkalimani bure. Mzizi wake ni sheria ya haki za raia ya 1964. Kanuni za 2016 zikasema wazi kuwa mtoto asitumike kutafsiri isipokuwa dharura na mkalimani hayupo karibu. Ukifika mapokezi sema lugha yako tu, «Swahili», na kama ni ya Kongo taja Kongo, ili yasikukute ya mama yule. Wakikuambia hakuna mtu, waambie wapige simu, wakalimani wa simu wapo saa zote.

Narudi. Siku ile ofisini Mzee alifungua droo akanionyesha kijitabu kidogo, picha ya mwanamke mwenye kitambaa kichwani na alama ya kidole. Bibi yake. Marekani ilipoingia vitani na Italia, Waitaliano wapatao 600,000 waliokuwa hawajachukua uraia waliandikishwa kama raia wa adui, na mwaka 1942 bibi akapewa hicho cha kutembea nacho. Hakujua Kiingereza mpaka anakufa. Mzee akiwa na miaka minane alikuwa ndiye mdomo wake: sokoni, benki, kwa daktari. Siku moja daktari akasema neno ambalo mtoto hakulijua hata kwa Kiingereza. Aliona tu uso wa daktari. Bibi akamuuliza, amesemaje? Akamjibu: amesema upumzike, utapona. Bibi alifariki kabla ya Krismasi.

Akarudisha kijitabu, akafunga droo, akaniuliza kama nina gari la kunifikisha kwenye kozi.

Je, hiyo ni habari ya kusimulia kanisani? Nilikuwa nimeshaiandika. Ilikuwa nzuri, ilikuwa ya dakika mbili na nusu, ingewaliza watu. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: alikuambia wewe, au aliwaambia wote? Nikampigia binti. Akanyamaza muda mrefu. Hajawahi kuisikia. Akasema baba aliwakataza kabisa wao kumtafsiria bibi wa upande wa mama, hata kwa fundi wa bomba, na walidhani ni ukali tu. Halafu: «Kanisani hapana. Tutakapokula, mezani, ukimkuta shangazi, mwambie yeye.»

Kwa hiyo la tatu, na kwangu ndilo kubwa: siri ya marehemu si mali yako kwa sababu tu umeisikia. Uliza wenyewe. Wakikataa, kaa kimya. Wakikuambia mahali, ifikishe hapohapo.

Kanisani nilisimulia supu isiyo na chumvi na kisa cha munganga. Nilisoma kwa Kiingereza, nikaacha neno munganga kama lilivyo, na kicheko kikapita kwenye mabenchi kuanzia nyuma, walikokaa watu wa dobi na jikoni, kuja mbele. Dakika tatu na sekunde kumi. Padri alinisamehe. Pembeni ya jeneza nilisema shikamoo, ulimi uliteleza tu, mwanamke aliyekuwa karibu akadhani ni sala akajibu amina.

Mgahawani Cranston walinikalisha karibu na shangazi, dada mkubwa wa Mzee, miaka 88, mgongo umepinda lakini macho makali. Nilingoja amalize tambi zake. Nikamsimulia polepole, neno kwa neno kama nilivyosimuliwa: daktari, lile neno, upumzike utapona. Aliweka uma chini.

«Bibi alijua,» akasema. «Jioni ile alinishika mkono akanipeleka ua wa nyuma, akaniambia nilitamke lile neno alilosema daktari. Alikuwa amelishika kwa sikio, silabi kwa silabi, bila kujua maana. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nililijua. Nikamwambia. Akasema, mdogo wako asijue kwamba nimejua, ameshanipa jibu zuri.»

Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia Mzee, hata ukubwani, hata baada ya kustaafu.

Akaivuta sahani ya jibini, akanyunyizia tambi zilizobaki.

«Hakuwahi kuniuliza,» akasema.