Oksimoroni: maana yake na asili ya neno

Umeuliza neno oksimoroni (tamathali ya usemi ya maneno yanayopingana) limetoka wapi, na kama linatofautiana na kweli kinzani, yaani kauli inayoonekana kujipinga lakini yenye ukweli ndani yake. Asili ya neno oksimoroni ni Kigiriki: "oxys" humaanisha kali au yenye ncha, na "moros" humaanisha butu au pumbavu, kwa hiyo neno lenyewe, likitafsiriwa sehemu kwa sehemu, ni "ukali butu", yaani ni mfano wa kile kile linachokitaja (jambo ambalo, kwa maoni yangu, hulifanya liwe rahisi kukumbukwa kuliko istilahi nyingi za fasihi).

Tamathali hii huweka pamoja maneno mawili yanayopingana, kama "kimya chenye kelele", ili msikilizaji alazimike kutafuta maana ya tatu ambayo hakuna neno moja kati ya hayo linaloibeba peke yake. Warumi waliitumia sana: Cicero, msemaji na kiongozi wa Roma, alipomshutumu Catilina, aliyepanga njama ya kupindua serikali, mbele ya Baraza la Seneti mwaka 63 KK, alisema kwamba maseneta wanaponyamaza, wanapaza sauti. Wazo hilo halina ugeni kwetu, kwani wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kweli kinzani ni pana zaidi, kwa sababu ukinzani wake huenea katika kauli nzima, kama katika methali "kuinamako ndiko kuinukako", ilhali oksimoroni hubanwa katika maneno machache yanayokaa bega kwa bega. Mpaka kati ya hizo mbili, hata hivyo, si ukuta.